Kizibo kikishafunguliwa hakifungi tena

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuzungumzie kitu ambacho kila msomaji wako amekishika, na pengine kiko chini ya kiti anachokalia: kizibo cha soda. Hapa Tabora asali ipo na maembe yapo, na wanaotengeneza juisi, wanzuki (pombe ya kienyeji ya asali) na mvinyo wa asali kwa ajili ya kuuza ni wengi. Kinywaji chenyewe mara nyingi hakina kasoro. Kinaharibikia mdomoni mwa chupa, kwa sababu kimefungwa kwa kizibo kilichookotwa baa, kikanyooshwa kwa nyundo, kikaoshwa na kugongwa upya.

Anayefanya hivyo tusimcheke. Anaona bati, anaona meno, anaona washa ya plastiki ndani, yaani kile kisahani laini kinachoziba, anajiuliza kimepungua nini. Ili kumjibu inabidi turudi kwa watu wawili, wote waliozaliwa mwaka mmoja, 1838, mmoja Uingereza na mwingine Marekani. Wote walihangaika na swali lile lile, gesi isitoroke chupani, na kila mmoja akatoa jibu lake.

Wa kwanza ni Hiram Codd wa Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wateja akiuza vizibo vya gome, yaani vile vya koki vinavyochongwa kutoka gome la mti wa mwaloni, kwa niaba ya kampuni iliyovitengeneza. Kwa hiyo udhaifu wa bidhaa yake aliujua kuliko mtu yeyote. Gome likilowa huvimba na kuziba vizuri, likikauka husinyaa na gesi ikapata njia. Chupa ikisimama rafuni, kinywaji hakiligusi gome, nalo linakauka. Ndiyo maana zama hizo maji ya gesi yaliuzwa katika chupa zenye kitako cha mviringo kama yai, ambazo muuzaji hakuweza kuzisimamisha hata angetaka. Zilalie ubavu, gome libaki limelowa.

Codd akaamua gesi yenyewe ndiyo iwe mlinzi wa mlango. Alipata hataza zake, yaani hati za kulinda ubunifu wake, kuanzia 1870, na ile iliyompa jina ni ya 1872. Shingoni mwa chupa kuna gololi ya kioo. Ndani ya mdomo kuna mfereji mwembamba uliochongwa kuzunguka, na ndani ya mfereji kuna oringi, yaani pete ya mpira. Chupa hujazwa kwa mashine huku ikigeuzwa kichwa chini. Gololi huangukia kwenye oringi kwa uzito wake, na chupa inaporudishwa wima, shinikizo la gesi linaisukuma juu na kuibana pale pale. Gesi ikizidi, gololi inabana zaidi. Kufungua, unaisukuma gololi ndani kwa kijiti kifupi cha mbao, gesi inapumua, gololi inadondoka. Shingo nayo imeminywa ili gololi ibaki juu isizame hadi kitakoni, na upande mmoja una vibonyeo viwili. Ukimimina ukiwa umeelekeza vibonyeo chini, gololi inanasa hapo na kinywaji kinapita. Ukigeuza upande mwingine, gololi inarudi mdomoni na kukuzibia. Hapo mnywaji analaumu chupa, wakati kosa ni la mkono wake.

Codd alikuwa fundi na mfanyabiashara pia. Viwanda vya kioo aliviruhusu vitengeneze chupa zake, kwa sharti kwamba gololi, oringi na kifaa cha kuchonga mfereji vinunuliwe kwake. Mwaka 1877 aliingia ubia na Ben Rylands, mwenye kiwanda cha kioo Barnsley, na ubia huo na familia ya Rylands ukavunjika 1884. Codd alifariki 1887 akiwa na miaka 49. Chupa yake haijafa: India bado wanauza soda ya gololi inayoitwa banta, na Japani wana ramune.

Kwa nini basi haikuitawala dunia? Watoto walizivunja ili wapate gololi, na mtoto yeyote wa Ujiji au Ng'ambo angefanya vivyo hivyo. Shingo yenye kona na gololi isiyotoka ni taabu kuosha kwa brashi. Kioo chake lazima kiwe kizito. Kubwa zaidi, gololi haizibi kinywaji kisicho na gesi. Weka juisi ya embe ndani ya chupa ya Codd, isimamishe, na gololi itadondoka hapo hapo kwa sababu hakuna cha kuishikilia.

Wa pili ni William Painter, aliyezaliwa Triadelphia, jimbo la Maryland, na tangu 1865 akifanya kazi katika karakana za mji wa Baltimore. Alikufa 1906 akiwa na hataza 85. Mwaka 1885 alikuwa tayari amebuni kizibo cha kisahani cha mpira kinachobanwa ndani ya mdomo wa chupa, cha bei ndogo kiasi cha kutupwa baada ya kutumika. Februari 1892 akapata hataza za kizibo tunachokijua leo: kisahani cha bati chenye ukingo uliokunjwa meno 24, ndani yake kipande chembamba cha gome. Meno yanakunjwa chini ya ukingo wa mdomo wa chupa, gome linabanwa kati ya bati na kioo. Baadaye meno yalipungua hadi 21, na gome likaiachia nafasi plastiki. Anayebisha ahesabu meno ya kizibo kilicho karibu naye.

Kizibo hiki hakikushika soko kwa siku moja, na sababu yake inatuhusu hadi leo. Chupa za wakati ule zilipulizwa kwa mdomo wa fundi, na midomo yake haikulingana. Kizibo cha Painter kinadai mdomo wa kipimo kimoja, chupa zote. Mwenye kiwanda alitakiwa anunue chupa mpya na mashine mpya. Mwaka 1898 Painter akatoa mashine ya kufunga inayoendeshwa kwa kukanyaga mguu, kama cherehani, na Michael Owens alipotengeneza mashine ya kufinyanga chupa yenyewe, 1903, midomo ikaanza kutoka sawasawa. Hapo ndipo kizibo cha bati kilipopata njia.

Painter alikuwa na muuzaji wake mmoja aitwaye King Gillette. Alimshauri abuni kitu ambacho mteja akikitumia anakitupa, kisha anarudi kununua kingine. Gillette akaenda akaja na wembe wa kutupwa. Kwa hiyo kizibo na wembe ni ndugu wa damu, na hakuna kinyozi wa Tabora atakayekuambia kwamba wembe wa jana ni mpya kwa sababu umeoshwa.

Tofauti ya watu hawa wawili iko hapa. Kizibo cha Codd kinaishi ndani ya chupa na kurudi nayo kiwandani. Cha Painter kilikusudiwa kifunge mara moja, kifunguliwe, kitupwe. Anayeokota kizibo cha bati na kukigonga tena anamtumia Painter kama Codd.

Chukua kizibo kilichofunguliwa ukitazame juani. Juu kuna mkunjo uliopita katikati, alama ya opena, na bati likishakunjika halirudi kuwa tambarare hata uligonge vipi. Meno ya upande ulionyanyuliwa yametanuka kuliko ya upande wa pili. Kigeuze. Kwenye washa utaona duara lililobonyea, alama ya mdomo wa chupa ya kwanza. Chupa ya pili haikai juu ya duara hilo hilo, hivyo kioo hugusa washa sehemu na sehemu huacha. Mwisho angalia ncha za meno: pale bati lilipokatwa kiwandani hakuna rangi wala tabaka la stani, madini meupe yanayozuia kutu, na kutu huanzia hapo. Kutu hiyo ndiyo inayoacha pete ya kahawia mdomoni mwa chupa, ambayo mteja akiiona anaisukuma chupa pembeni.

Nyundo nayo ina madhara yake. Mashine ya kufunga huyasukuma meno yote 21 kwa pamoja, kutoka pande zote, huku kizibo kimekandamizwa kati. Nyundo hupiga juu, meno yanakunjwa moja moja kwa koleo au kwa jiwe, na nguvu yote inashukia ukingo wa mdomo. Kioo kinapata ufa mdogo usioonekana, au kinabanduka kipande kama punje ya chumvi na kuangukia ndani. Kipande hicho hakielei. Kinakaa chini kikimsubiri anayemalizia.

Mashine ya mkono yenye vishikio viwili inatosha kwa mtu anayefunga chupa mia kwa siku. Vizibo vinunuliwe vipya. Hapa lazima tusisitize vipimo, kwa maana watu wanauziwa wasichokihitaji: chupa za soda na za bia za kwetu hutumia kizibo cha milimita 26. Zipo chupa za mvinyo wa mapovu kutoka nje zinazotumia milimita 29, na vizibo vyake kwa macho vinafanana na vya 26. Kizibo cha 29 ukikifunga kwenye mdomo wa 26, kitacheza. Cha 26 kwenye mdomo wa 29 hakiingii kabisa.

Kabla ya kujaza, pitisha pamba kavu kwenye ukingo wa mdomo wa kila chupa. Ikinasa, chupa ina jeraha, iweke kando. Nusa pia. Chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa isirudi kwenye kinywaji hata uioshe kwa sabuni gani. Iliyowekwa mawese, na chupa za namna hiyo zinazotoka upande wa Kigoma si chache, huacha utando wa mafuta unaoua mapovu, nao wenyewe huchacha. Vizibo visichemshwe, washa italegea. Viloweke kwenye maji yenye dawa ya kusafishia vyombo vya chakula, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, uvitoe na kuvifunga vikiwa vibichi.

Kwa kinywaji cha gesi acha nafasi ya sentimita 3 hivi kutoka kwenye mdomo. Ukishafunga, jaribu kukizungusha kizibo kwa vidole: hakitakiwi kuzunguka. Mwenye venia, kifaa cha kupimia milimita, apime upana wa kizibo kilichofungwa, kuanzia jino hadi jino la upande wa pili. Milimita 28.6 hadi 28.8 ndipo penyewe. Kikizidi hapo kimelegea, gesi itaondoka kidogo kidogo na baada ya wiki chupa imekufa bila hata tone kumwagika. Kikipungua sana mashine imebana kupita kiasi, mdomo uko hatarini na mfunguaji atavunja shingo. Asiye na venia aichovye chupa kwenye maji ya vuguvugu, shingo yote izame, atazame kama kuna mapovu yanayopanda kutoka kwenye meno.

Juisi ni habari nyingine, maana adui wake ni hamira na vijidudu. Ipashe moto hadi nyuzi 85, ijaze ikiwa moto huo huo, ifunge mara moja, uilaze au kuigeuza chupa dakika 2 au 3 ili juisi ya moto iguse washa na hewa ya juu. Chupa zenyewe zipashwe moto kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu kioo baridi kikipokea kitu cha nyuzi 85 kwa ghafla hupasuka kitako. Kupoza kufanywe polepole, maji ya vuguvugu kwanza, ya kawaida baadaye. Mwenye haraka akizimwagia maji ya kisima zikiwa za moto, atafagia vigae.

Sasa tufike kwenye jambo linalowachanganya wengi, nasi tunaliona ndilo zito kuliko yote. Mtu anaacha vizibo vya kuokota, ananunua vipya na mashine, anafunga mvinyo wake wa asali kama alivyoelekezwa, na baada ya wiki mbili chupa zinaanza kulipuka stoo. Anaapa kwamba vizibo vipya ni vibaya na kurudi kwenye vya zamani, ambavyo "havikuwahi kupasua chupa". Ni kweli havikupasua. Vilikuwa vinavuja. Kinywaji kilikuwa kinaendelea kuchachuka ndani ya chupa muda wote, na kizibo kibovu kilikuwa kinaitoa gesi nje bila mtu kujua. Kizibo kizuri kimeziba tundu, na kosa la kufunga kabla ya wakati limejitokeza.

Hesabu yake si ngumu. Gramu 4 za sukari zikichachuka ndani ya lita moja hutoa gesi ya kutosha ujazo mmoja, yaani lita moja ya gesi iliyoyeyuka katika lita moja ya kinywaji. Bia ina ujazo wa 2.5 hivi, soda nyingi hukaribia 4. Kwa chupa ya bia inayotumika tena hatushauri kuvuka 3. Asali ina sukari asilimia 80 hivi, na kijiko cha chai kilichojaa asali kina gramu 7. Anayetia kijiko kimoja kwenye chupa ya nusu lita "ili ipate gesi" ameongeza ujazo 2.8. Jumlisha ujazo 0.7 wa gesi iliyobaki ndani baada ya kuchachuka kwa kwanza, unapata 3.5. Mwenye mkono mwepesi aliyetia vijiko viwili ana 6.3, na chupa hiyo haifai kushikwa kwa mkono mtupu.

Njia salama ni kusubiri mvinyo umalize kuchachuka kabisa. Haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, isome namba ile ile mara tatu, kila kipimo kikiachana na kingine siku tatu. Asali huchachuka taratibu, kwa hiyo wiki kadhaa ni jambo la kawaida, usimwamini anayekuambia siku nne. Kisha, kwa ndoo ya lita 20, pima gramu 170 za asali kwa mizani, ikoroge kwenye maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa, uichanganye kwenye ndoo nzima, ndipo ujaze chupa. Utapata ujazo 2.4 katika kila chupa, pamoja na ile 0.7 iliyokuwemo. Vijiko vya chupa moja moja viachwe, havilingani hata siku moja. Wanzuki inayonywewa changa, ingali inatokota, isifungwe kizibo cha bati hata kidogo. Hiyo ni ya chombo chenye mfuniko unaopumua.

Joto nalo lihesabiwe. Kinywaji kile kile chenye gesi ya soda, kikitoka kwenye friji nyuzi 4 na kuingia stoo ya bati nyuzi 30, shinikizo lake hupita maradufu. Septemba na Oktoba za Tabora zinajulikana. Wanaosafirisha kwa treni kwenda Kigoma au Dar es Salaam wasihofu sana mtikisiko, wahofu kreti zinazokaa juani stesheni mchana kutwa.

Vizibo vilivyotumika visitupwe ovyo, vina kazi zake. Walimu huvitumia kufundishia hesabu, vijiwe haviwezi kucheza drafti bila hivyo, upande mmoja ukiviweka chali na mwingine kifudifudi, na wengine huvipigilia mlangoni wakwangulie tope la viatu. Kazi zote hizo hazidai washa iliyo nzima.

Tuna ombi moja kwa wenye maduka wanaotuletea vizibo. Viandikwe kipimo kwenye mfuko, 26 au 29, na mnunuzi aruhusiwe kufungua mfuko na kujaribu kizibo kimoja kwenye chupa yake kabla ya kulipa. Kwa sasa mifuko mingi inafika haina maandishi yoyote, na muuzaji akiulizwa anajibu kwamba vizibo vyote ni vya soda.

Ni sisi,
Mafundi na wasindikaji wa vinywaji,
Tabora Mjini